Mkono wa Wifi

Unga ukishakandwa haumsubiri mtu. Ndiyo maana katika nyumba ya Mama Mikate hakuna aliyelala mpaka jua likamkuta kitandani. Mumewe aliwasha tanuri. Yeye alikanda. Watoto walipaka trei mafuta kabla ya kwenda shule, huku wakigombana nani amepaka nyingi na nani ametegea. Jua likichomoza, mikate nayo inatoka. Mumewe aliipanga kwenye sanduku la baiskeli akaenda kuizungusha madukani, na iliyobaki iliuzwa dirishani.

Tanuri lao lilikuwa la matofali, limejengwa kwenye ukuta wa chumba cha nyuma. Katikati palikuwa na meza ya kukandia. Pembeni palikuwa na mlango wa stoo, chumba kidogo kisichopata jua, chenye ubaridi kama wa mtungini. Humo waliweka unga, sukari, mafuta na hamira.

Kisha wifi akaja.

Wifi huyu alikuwa dada mdogo wa mumewe. Alikuwa amefiwa na mume kwa maradhi ya figo. Kaburi halijakauka, wakwe wakaanza kusema kwamba mkono wake una nuksi, na kwamba marehemu alikufa kwa kulishwa na mkono huo. Hawakumwambia aondoke. Akufukuzaye hakwambii toka. Walimnyima tu ufunguo wa jikoni, naye akaelewa. Alifunga nguo zake, akamshika binti yake mkono, akaja kwa kaka yake.

Mama Mikate alimpokea vizuri, hilo lazima lisemwe. Siku ileile walitoa vitu vyote stoo ili mgeni apate chumba. Magunia ya unga yakaenda chini ya meza. Madumu ya mafuta yakaenda nyuma ya mlango. Vidogovidogo vilipandishwa kwenye rafu ya ukutani, ambayo miaka yote ilikaa tupu. Kitanda kikaingia stoo, na wifi akalala.

Hakuja kukaa bure. Kesho yake alikunja mikono ya gauni akaingia kukanda. Alikanda kwa nguvu, kama anayefua blanketi, na Mama Mikate alifurahi kupata mwenzake.

Furaha hiyo haikudumu. Siku chache tu baadaye, unga ulianza kulala. Waliukanda, wakaufunika, wakausubiri, nao ukabaki palepale kama umegoma. Mikate ikatoka mifupi na mizito, imeshikana kama vipande vya sabuni.

Mteja wao mmoja alikuwa mwashi, jina lake mtaani Fundi Matofali. Asubuhi moja aliupima mkate kwa kiganja, akaugonga dirishani. Ulitoa mlio.

“Mama Mikate,” alisema, “nifungie trei mbili. Kuna ukuta sijaumaliza.”

Foleni yote ilicheka. Mama Mikate naye alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni.

Kila wiki kinamama wa mtaa walikutana kwa ibada nyumbani kwa Bi Dua. Bi Dua hakuwa tapeli. Ndiye aliyekesha na wagonjwa wasio na ndugu. Ndiye aliyewapikia waliofiwa. Kwa hiyo neno lake lilikuwa zito, na Mama Mikate, akiwa amefuatana na wifi yake, alimpelekea shida yake ya mikate. Bi Dua alifumba macho, akaomba. Kisha akasema polepole kwamba ameoneshwa mkono. Mkono wa huzuni, uko juu ya unga.

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, maana maneno ya wakwe yalikuwa yameshafika mtaani. Wanawake wote waligeuka wakamtazama wifi.

Kesho yake Mama Mikate alimwambia wifi yake apumzike kukanda, aoshe trei tu. Wifi alichukua ndoo ya maji. Aliosha trei. Na siku hiyohiyo, amini usiamini, mikate iliumuka kama zamani. Mama Mikate alimshukuru Mungu kwa sauti. Alimpelekea Bi Dua mkate wa moto, na njiani akamsimulia kila aliyekutana naye.

Siku chache zikapita, unga ukalala tena. Kinamama wakasema ni kwa sababu wifi anagusa trei. Akaondolewa kwenye trei, akapewa kufagia uani. Asubuhi moja mikate ikaumuka. “Si unaona?” kinamama walisema. Halafu ikalala tena. Sasa wakasema tatizo ni kulala naye chini ya paa moja.

Hebu tazama mambo yalivyokuwa. Mkate ukiumuka, ni kwa sababu wifi ameondolewa. Mkate ukilala, ni kwa sababu hajaondolewa vya kutosha. Mama Mikate aliyaona yote mawili kuwa ushahidi, wala hakujiuliza swali hata moja.

Sasa wifi akipita mtaani, wanawake walinyamaza. Binti yake alirudi siku moja akilia, kwa sababu mwenzake amekatazwa kula karanga zilizotoka mkononi mwake.

Mwishowe Mama Mikate alimkabili mumewe mbele ya tanuri. Alisema nyumba inaanguka, wateja wanahama, na dada yake inabidi aende kwa shangazi yao.

Shangazi huyo alikuwa kikongwe, haoni vizuri, anakaa mbali, na chumba chake kimoja kinavuja.

“Mama watoto,” mumewe alisema, “yule ni dada yangu. Nimwambie nini?”

“Mwambie ukweli.”

“Ukweli upi?”

Mumewe alichokoa kuni ambazo hazikuhitaji kuchokolewa. Kisha akasema, bila kumtazama mkewe, kwamba wiki ikiisha atampeleka.

Mlango wa stoo ulikuwa wa mbao nyembamba. Wifi alisikia kila neno. Alianza kukunja nguo zake.

Asubuhi iliyofuata jirani alikuja kununua mkate. Huyu alifanya kazi ya maabara kwenye kituo cha afya. Kazi yake ilikuwa kutazama damu za wagonjwa kwa hadubini, kile chombo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Basi watu walimwita Bi Hadubini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na viatu vya kimya. Alipoingia uani alimkuta wifi ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na furushi limefungwa miguuni pake.

“Unasafiri?” Bi Hadubini aliuliza.

“Nasafirishwa,” wifi alijibu.

Bi Hadubini alikwenda moja kwa moja jikoni, akauliza kuna nini. Mama Mikate alimsimulia kwa kunong’ona: mikate, Bi Dua, mkono, trei, paa. Jirani alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka wala kutikisa kichwa.

“Kwa hiyo unasema ni mkono wake,” alisema.

“Sisemi mimi. Ni Bi Dua ameoneshwa.”

“Bi Dua namheshimu. Nisipokuwa zamu nakaa mstari wa nyuma pale kwake kila wiki, unaniona; siku ile nilikuwa kazini. Lakini nikuambie kazi yangu. Daktari huniletea damu, akasema, huyu ana malaria. Siandiki malaria. Naitazama kwanza. Mara nyingine ni malaria kweli. Mara nyingine hamna malaria hata chembe, na mgonjwa angekunywa dawa bure huku ugonjwa wake unamla. Na daktari hakasiriki nikitazama.”

“Hapa si hospitali, dada. Mambo mengine ni ya Mungu.”

“Ya Mungu yapo, sijakataa. Basi kama tunamtaja Mungu, tuanze na tunalolijua kwa hakika. Mjane asionewe. Hilo tunalisikia kila ibada. Hili la mkono umelisikia mara moja, na tayari furushi liko nje.”

Mama Mikate alifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na unga. “Lisemwalo lipo,” alisema.

“Na aliyelisema kwanza ni nani?”

Mama Mikate alifikiri. Walikuwa wale wakwe. Wakwe waliobaki na nyumba ya marehemu na kila kilichokuwamo. Hilo hakuwahi kulipima.

Bi Hadubini hakumsukuma zaidi. Alisema jambo hili halihitaji ugomvi, linahitaji mabakuli mawili. Mama Mikate akande moja, wifi akande jingine. Unga uwe ule ule, maji yale yale, hamira ile ile. Wayafunike, wayaweke pamoja, wasubiri. Kama mkono wa wifi ndio unaoharibu, bakuli lake litalala na la Mama Mikate litaumuka. “Nikikosea,” alisema, “nitamsindikiza mimi mwenyewe hadi kwa shangazi.”

Wifi aliitwa. Aliingia jikoni kama mtu anayeingia mahakamani. Walikanda pamoja, kila mmoja na bakuli lake, bila kusemeshana. Mume wa Mama Mikate aliegemea mlangoni, baiskeli imemshinda kupanda.

Walisubiri muda ambao unga mzuri ungejaa na kuinua kitambaa. Kisha Mama Mikate akafunua.

Bakuli la wifi lilikuwa limelala.

Bakuli la Mama Mikate lilikuwa limelala vilevile.

Mama Mikate alilitazama bakuli lake kama anayemtazama mtoto wake akimtukana mbele za watu. Kisha akasema haraka, “Mnaona? Hata langu ameliharibu. Alikuwa karibu mno.”

Bi Hadubini alivuta kigoda akaketi.

“Mama,” alisema, “nijibu swali moja tu. Unga ukiumuka, ni yeye. Ukilala, ni yeye. Akigusa, ni yeye. Asipogusa, ni yeye. Sasa niambie, ni jambo gani lingekuonesha kwamba si yeye?”

Mama Mikate alitafuta jibu kwenye meza, kwenye magunia, kwenye moto. Halikuwepo popote. Alipomwangalia mumewe alimkuta ameinama. Alipomwangalia wifi, kwa mara ya kwanza tangu kisa kianze, aliona kwamba mwanamke huyu amekonda.

“Hakuna,” alisema mwishowe. “Hakuna jambo lingenionesha.”

“Basi hukuwa unamchunguza. Ulikuwa umeshamhukumu.”

Maneno hayo yalimwingia kama maji baridi mgongoni. Lakini Mama Mikate hakuwa mtu wa kukaa akijihurumia. Alivuta pumzi. “Haya. Kama si mkono, ni nini?”

“Sijui. Mimi kuoka sijui, mkate wangu hata mbwa aliuzunguka. Fundi ni wewe. Nitakuuliza tu. Siku wifi yako alipokuja, ni nini kingine kilibadilika humu ndani?”

“Hakuna.”

“Hakuna kabisa? Alilala wapi?”

“Stoo.”

“Na vya stoo vikalala wapi?”

Mama Mikate alinyoosha kidole. Unga, chini ya meza. Mafuta, nyuma ya mlango. Hamira, kule juu, kwenye rafu.

Kidole kilibaki hewani.

Rafu ile ilikuwa juu ya tanuri. Ilikaa tupu miaka yote kwa sababu yeye mwenyewe, alipokuwa bibi harusi katika nyumba hii, alisema kitu hakiwezi kukaa pale bila kuchemka. Alipanda kigoda, akashika kopo la hamira, akaliachia haraka na kupuliza vidole. Lilikuwa la moto. Akalifunga kwa aproni, akalishusha. Ndani, chembe za hamira zilikuwa zimegandana na kuwa na rangi ya majani makavu, kwa ule mvuke na joto la kila siku.

Sasa kumbuka, Mama Mikate aliwahi kufundisha wasichana wengi kuoka. Somo lake la kwanza lilikuwa moja siku zote: hamira ni kitu hai. Ipe maji ya uvuguvugu itaamka, ipe maji ya moto itakufa. Alilisema hilo mpaka watoto wake walimwigiza. Na yeye mwenyewe alikuwa ameichoma hamira hai juu ya moto, kila siku, kisha anashangaa haiamki.

“Na zile siku mikate iliumuka?” Bi Hadubini aliuliza. “Hamkuwa na chochote kipya?”

Aliyejibu ni mume wa Mama Mikate, kutoka mlangoni. “Kopo,” alisema taratibu. “Siku zile nilikuwa nimetoka kununua kopo jipya. Kila kopo likiwa jipya linafanya kazi siku moja, siku mbili, kisha basi. Mimi nikawa nasema dukani wananiuzia kopo bovu.”

Mama Mikate alikaa juu ya gunia la unga. Kwa hiyo yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa uongo. Kweli mikate iliharibika tangu wifi alipokuja. Kweli iliumuka siku alipoondolewa kwenye meza. Lakini mkono wake haukuwa na lolote. Kilichohama ni kopo.

Alimgeukia Bi Hadubini kwa macho yaliyowaka. “Ni hamira. Nimejua sasa, ni hamira.”

“Usiseme umejua. Wiki iliyopita pia ulijua,” Bi Hadubini alijibu. “Jaribu kwanza. Hata mimi usiniamini bure.”

Hapo wifi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichotoka bila ruhusa. Lakini kilikuwa cha kwanza tangu afike, na kaka yake alikisikia, akapanda baiskeli kwenda kununua kopo jipya kabla hajatumwa.

Hapo Mama Mikate angeweza kujaribu kimyakimya jikoni kwake, akapata jibu, yakaisha. Lakini alikuwa amemchafua mtu hadharani, akizunguka na mkate wa moto mkononi. Alisema kumsafisha nako kutakuwa hadharani. Siku ya ibada, yeye na wifi yake walibeba mabakuli manne mtaa mzima, wamejitwika, na wanawake wakawatazama kupitia madirishani.

Bi Dua aliwapokea kwa mashaka kidogo. Mama Mikate alimweleza mbele ya wote, kwa adabu, asifiche kitu. “Unga wa mabakuli haya umekandwa sasa hivi. Mawili nimekanda mimi, mawili amekanda wifi. Mawili yana hamira iliyokaa juu ya tanuri, mawili yana hamira iliyolala mahali pa baridi. Lipi ni lipi, Bi Hadubini amebandika karatasi chini ya kila bakuli, kisha akayachanganya. Hata mimi sasa siyajui.”

“Na maombi?” Bi Dua aliuliza. “Mnayakataa?”

“Hapana, mama,” Bi Hadubini alisema kutoka mstari wa nyuma. “Omba. Tena omba juu ya yote manne.”

Watu walicheka, na Bi Dua naye akatabasamu. Aliomba juu ya yote manne. Wakaimba, wakasoma, wakaombea wagonjwa. Siku hiyo hakuna aliyesinzia. Kila wimbo ukiisha, macho yote yanakwenda mezani.

Ibada ilipokwisha, vitambaa viwili vilikuwa vimeinuka kama mashavu ya mtoto aliyejaza maji mdomoni. Viwili vilikuwa bapa.

Bi Dua alisimama juu ya mabakuli. Hakuna aliyemlazimisha kuchagua; alichagua mwenyewe, kwa sababu alikuwa mkweli na alitaka kujua. Aliweka mkono juu ya bakuli lililojaa kuliko yote.

“Hili ni la Mama Mikate,” alisema. “Na lile la pembeni pia ni lake. Haya mawili yaliyolala ni ya mwenzetu.”

Bi Hadubini aliinua bakuli lililojaa kuliko yote, akamwomba Bi Dua mwenyewe asome karatasi iliyo chini.

Bi Dua aliinama. Alisoma mara mbili. “Wifi,” alisema. “Hamira ya baridi.”

Aligeuza la pili lililojaa: Mama Mikate, hamira ya baridi. Aligeuza yaliyolala. Moja la wifi, moja la Mama Mikate. Yote mawili yalikuwa na hamira ya juu ya tanuri.

Chumba kizima kilipiga kelele kwa pamoja. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele, mwingine akafuata, na binti ya wifi, aliyekuwa mlangoni na watoto wenzake, akaanza kurukaruka bila kujua sababu. Wanawake walisukumana kuja kuona. Kila mmoja alitaka kuigeuza karatasi mwenyewe na kuubonyeza unga kwa kidole chake.

Bi Dua alingoja wanyamaze. Uso wake ulikuwa umeiva, lakini hakukimbia.

“Nilisema nimeoneshwa,” alisema. “Labda nilijionesha mwenyewe. Kila mtu alikuwa ananong’ona habari za mkono wake, nikafumba macho, nikauona mkono. Mungu anisamehe. Na wewe, binti yangu, nisamehe.”

Mama Mikate alikuwa amelala na maneno marefu aliyoyapanga kwa ajili ya wakati huu. Yote yalimtoka kichwani. Alimshika wifi yake mkono ule ule, akauinua watu wauone.

“Huu mkono umenioshea trei, na mimi nikausingizia,” alisema. “Nilitaka kuwatupa wewe na mwanao kwenye chumba kinachovuja kwa sababu ya kopo. Sikuuliza. Wifi yangu, nimekukosea.”

Wifi alimwangalia. “Sitasema haikuniuma,” alijibu. “Iliniuma sana. Kwa wakwe hakuna aliyenipa hata bakuli la kujaribiwa.” Kisha akavuta pumzi. “Twende nyumbani. Unga huu mzuri utapita wakati wake.”

Unga ukishakandwa haumsubiri mtu. Walirudi mbio, mabakuli kichwani, na kundi zima la wanawake nyuma yao. Tanuri lilikuwa tayari. Mikate ya mabakuli yale mawili ilipotoka, ilikuwa myepesi na ya dhahabu, na waliigawana palepale uani, kila mtu kipande. Bi Dua alipewa cha kwanza. Alikula akilia kidogo, akasema ni kwa sababu ya moto.

Furushi lilifunguliwa jioni ileile. Hamira ilirudishwa stoo, ikawekwa chini ya kitanda cha wifi, na wifi ndiye aliyekabidhiwa kopo. Hakuna anayeligusa bila kumwomba, hata Mama Mikate mwenyewe.

Wateja walirudi. Fundi Matofali alifika dirishani, akaubonyeza mkate, ukainuka tena. Alisikitika waziwazi. “Mmeniangusha,” alisema. “Ukuta wangu sasa nitaumalizia nini?”

Kwa Bi Dua nako mambo yalibadilika. Bado aliomba, na watu bado walimpelekea shida zao. Lakini baada ya kuomba aliuliza swali alilokuwa amejifunza: ni nini kingine kilibadilika? Mama mmoja alilalamika kwamba mtoto wake huharisha kila bibi yake akija kuwatembelea, na kwamba huenda bibi ana jicho baya. Bi Dua aliuliza bibi huja na nini. Ikaonekana huja na maziwa mabichi, na mtoto huyanywa kabla hayajachemshwa. Walianza kuyachemsha. Bibi anakuja kila mwezi, na mtoto anamkimbilia mlangoni.

Yalibaki mambo madogo ya kuchekesha. Mtaani sasa uvumi uligeuka. Watu walianza kusema mkono wa wifi una baraka. Siku moja mwanamke alikuja dirishani, akasema mwanawe ana mtihani, anataka mkate uliokandwa na mkono ule tu, hataki mwingine.

“Wa jana ulikuwa wake,” alisema. “Niliuonja tu nikajua. Una utamu wake.”

Mama Mikate alifikiria biashara, akawa karibu kutikisa kichwa kukubali. Wifi alimwahi.

“Dada, jana nilikuwa sokoni kutwa,” alisema. “Mikate yote ya jana alikanda kaka.”

Mwanamke alianza kucheka, akacheka mpaka akashika dirisha, na foleni nzima ikacheka naye. Akanunua mikate miwili. Alipoondoka alisema atamwambia mwanawe asome, maana mkate huo ni wa kushiba tu.

Wifi alifuta mikono, akaingia chumbani kwake. Aliinama, akavuta kopo la hamira kutoka chini ya kitanda, akalishika kwa viganja vyote viwili. Lilikuwa la baridi. Akarudi mezani, akakunja mikono ya gauni, akaanza kukanda.